Barua ya wazi kwa Meya wa Natchez: ziara zianzie Njia Panda

Mheshimiwa Meya,

Salamu kutoka Jackson, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka kwako. Tafsiri ya Kiingereza nitaituma ofisini kwako. Hii naiweka hadharani kwa Kiswahili kwa sababu Waswahili tunaoishi jimbo la Mississippi, Marekani, tunakuja kuutembelea mji wako, na jambo lenyewe, yaani jinsi ziara za majumba ya kale zinavyosimulia utumwa, linatugusa.

Aprili iliyopita nilikuja na wanangu wawili wakati wa ziara za Pilgrimage, msimu wa kutembelea majumba ya kale. Tulisimama juu ya genge, mto ukipita chini yetu mpana kama bahari. Tukaenda Longwood, lile jumba la pembe nane. Ujenzi ulianza 1860, vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini vikalipuka mwaka uliofuata, na mafundi waliotoka Philadelphia wakaacha kazi wakarudi kwao. Orofa za juu hadi leo ni matofali na mbao tupu. Pa chini ndipo palipomaliziwa, kwa mikono ya mafundi watumwa. Sijawahi kuona nyumba inayoeleza vita vizuri namna ile.

Ila kwenye jumba jingine, ambalo sitalitaja, muongoza wageni alitumia neno "watumishi" kuanzia sebuleni hadi jikoni. Binti yangu akaninong'oneza, "Baba, walikuwa wanalipwa?" Kwa Kiswahili mtumishi na mtumwa yametoka kwenye shina moja, lakini hakuna mtoto wa Unguja anayeyachanganya. Nilimjibu palepale, kwa sauti ya kusikika.

Baadaye tukaenda Forks of the Road, palipokuwa na soko la watumwa; sisi tungepaita Njia Panda. Hapakuwa na foleni. Mwaka 1833, baada ya maiti za watu waliokufa kwa kipindupindu mikononi mwa mfanyabiashara Isaac Franklin kugunduliwa, mji uliwafukuza wauza watumwa, nao wakahamia hapo, nje kidogo ya mpaka. Watu waliletwa kutoka Virginia na kwingineko, wengine kwa meli, wengine kwa miguu wakiwa wamefungwa pamoja, mamia ya maili. Soko hilo lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa ya Kusini. Mwaka 1863, jeshi la Kaskazini lilipoutwaa mji, askari weusi waliyabomoa mabanda walimofungiwa watumwa. Siku hizi pana pingu zilizozikwa nusu ndani ya zege. Mwanangu wa kiume alichuchumaa, akapitisha vidole kwenye pete ya chuma, akabaki hivyo muda mrefu bila kusema neno. Sikumharakisha.

Eneo hilo liliingizwa kwenye hifadhi ya taifa mwaka 2021, na waliolipigania kwa miaka mingi nawashukuru. Ombi langu ni hatua inayofuata: msimu wa Pilgrimage, mgeni aanzie pale, kabla hajaingia jumba lolote. Liwe kituo cha kwanza kwenye ramani anayopewa na kwenye njia ya basi. Akishaziona pingu, hataingia Longwood akiwa na macho yaleyale.

Najua majumba yana wenyewe na hifadhi ina uongozi wake, kwa hiyo huwezi kuamuru. Lakini kuwaita wote meza moja unaweza, na meya akiita watu huja.

Usihofu kwamba wageni watakimbia. Nimekulia Unguja, jirani na Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873. Pale pana sanamu za watu waliosimama shimoni na minyororo shingoni. Watalii wanapafuata wenyewe, na Mji Mkongwe haujakosa wageni kwa ajili hiyo.

Machi ijayo nakuja na wenzangu wa msikitini. Wanataka kujua habari za Abdul Rahman, mwana wa mtawala wa Futa Jallon huko Afrika Magharibi, aliyeuzwa Natchez 1788, akatumikishwa kwa miaka 40, akaachiwa huru 1828 na kufia Monrovia mwaka uliofuata kabla ya kufika kwao. Tutakuwa na basi dogo la watu ishirini. Naomba ofisi yako itujulishe kama ramani ya mwaka huo itakuwa na Njia Panda, na basi tuliegeshe wapi.

Wako kwa heshima,
Baba wa watoto wawili, Jackson