Kuzima ndiko kwenye kazi

Kwako Shabani,

Salamu nyingi. Picha ya taa yako ya IV-18, ile ya kioo inayoonyesha tarakimu, nimeipata, nami nimefurahi mno kuona tarakimu zinawaka. Kitu cha kwanza nilichokitafuta ni lile doa la rangi ya fedha ndani ya kioo. Bado linameremeta, maana yake hewa haijaingia. Lingekuwa jeupe ningekuambia usijisumbue.

Unauliza kwa nini tarakimu moja inaacha kivuli kwenye nafasi ya jirani, na programu umeikagua mara tatu. Nilisumbuliwa na jambo hilohilo wiki nzima, nikibadilisha msimbo kila usiku, kumbe nusu ya kosa ilikuwa kwenye saketi. Kuwasha taa hizi ni rahisi, ndugu yangu. Kuzima ndiko kwenye kazi.

Uzi, yaani ule waya mwembamba unaopashwa moto ndani ya kioo, ukishapata moto hutoa elektroni bila kukuuliza. Gridi, ule wavu wa chuma ulio mbele ya kila tarakimu, ikipewa volti 30 huzivuta, zikapenya matundu yake na kugonga anodi, yaani kipande cha tarakimu kilichopakwa unga wa oksidi ya zinki, ikatoka ile rangi ya kijani na buluu tunayoipenda. Sasa irudishe gridi kwenye volti 0. Kama uzi nao uko kwenye 0, elektroni chache bado zina mwendo wa kupenya. Gridi lazima iwe chini ya uzi, na kwa kuwa chipu yako ya kuendeshea taa haitoi volti hasi, dawa ni kuupandishia uzi wenyewe volti.

Mimi uzi nimeulisha kwa transfoma ndogo yenye waya unaotoka katikati ya msokoto. Huo waya nimeupeleka kwenye graundi (volti 0) kupitia dayodi ya Zener ya volti 5.1, ile inayoshikilia volti zisibadilike, nikaongeza rezista kutoka kwenye volti 30 ili dayodi isikose mkondo hata taa yote ikiwa imezimwa. Kivuli kilipungua papo hapo.

Faida nyingine: uzi unapata umeme wa AC, ule unaogeuka mwelekeo. Wewe umeupa DC, umeme wa mwelekeo mmoja, ya volti 5, ndiyo maana upande mmoja wa picha yako umefifia. Ncha iliyo kwenye volti 5 inabakiwa na 25 tu za kuvutia elektroni, wakati ile ya 0 ina 30 kamili. Usiupe uzi zaidi ya volti 5 ukitafuta mwanga. Ukiuona umekuwa mwekundu waziwazi, punguza haraka.

Nusu ya pili ndiyo ya programu. Gridi ziko 9, nami naziwasha kwa zamu, kila moja milisekunde 1, hivyo mzunguko mzima unarudi kama mara 111 kwa sekunde na jicho halioni kumetameta. Ila kabla ya kuhama, zima zote, subiri mikrosekunde 50, ndipo uweke tarakimu mpya. Usipozima, tarakimu ya zamani inaonekana kidogo kwenye gridi mpya. Na kama kidhibiti chako, yaani chipu yenye programu, ni cha volti 3.3, soma karatasi ya maelezo ya chipu ya kuendeshea uone kama inazikubali. Nyingine hutaka ishara za volti 5, na hapo utaona vipande vinawaka ovyo ukadhani taa imekufa.

Anza na Zener, kisha nipigie picha nyingine gizani, tarakimu zote zikiwa 8 isipokuwa ya nne, uiache imezimwa. Hiyo ya nne ndiyo nitakayoiangalia.

Wako,
Idi