Barua ya wazi kwa Ndugu Mkurugenzi: mtego wenu unasema shwari, mahindi yanaliwa

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu ya Wilaya,

YAH: CHAMBO CHA MTEGO NAMBA 3

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tungekutana njiani wewe ndiye ungeniamkia, maana umri wako ni wa kitinda mimba wangu. Lakini mbele ya ofisi umri hauhesabiwi, kwa hiyo naanza mimi: habari za kazi, Ndugu Mkurugenzi? Sisi huku hatujambo, ila mahindi ndiyo hayajiwezi.

Naandika hadharani kwa sababu barua za bahasha nimeshamaliza. Ya kwanza niliipeleka mwenyewe masjala mwezi wa Novemba, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala ninayo, naihifadhi kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi yangu ya kliniki. Ya pili nilimkabidhi Mtendaji wa Kata. Ya tatu niliituma kwenye simu ya afisa kilimo, ikapata tiki mbili za buluu, na hizo tiki ndizo majibu pekee niliyopewa mpaka leo.

Jumatatu iliyopita, saa moja asubuhi, simu yangu ililia. Ujumbe wa mtego wenu wa kuhesabu nondo: "Mtego Na. 3. Nondo: 0. Hali ni shwari." Ulinikuta nimesimama katikati ya shamba, mkono mmoja nimeshika simu, mwingine nimeupanua moyo wa mhindi unaonifika magotini. Mle ndani mlikuwa na kinyesi kibichi, kama unga wa mbao uliomwagiwa maji. Nikakichokoa kwa kijiti cha mtama, akatoka mwenye nyumba: kahawia, urefu wa pingili ya kidole, usoni ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia vidoa vinne vyeusi vimekaa mraba kama miguu ya meza. Kiwavijeshi vamizi, hana kificho. Alijikunja kwenye kiganja changu huku simu ikisema shwari. Nimewapiga picha wote wawili, kiwavi na ujumbe, kwa simu ya mjukuu. Ukiihitaji kwa ajili ya taarifa ya robo mwaka, nitakutumia.

Nikumbushe kidogo, maana ofisini kuna mambo mengi. Januari mwaka juzi mlikuja huku na turubai, viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe, muziki na fulana. Mlileta mitego mitano ya kidijitali kwa vijiji vitano, wa kwetu ukapewa namba 3, na mimi nikachaguliwa kuwa mtunzaji kwa kuwa shamba langu liko katikati na, kama ulivyosema mwenyewe kwenye kipaza sauti, "mama huyu anajua kusoma na ana msimamo." Msimamo huo ndio unaoandika leo.

Tulifundishwa vizuri, sitasema uongo. Mtego ni kibanda kidogo cha plastiki juu ya mti, chini kina karatasi ya gundi, darini kuna kamera, juu kuna sola ndogo. Katikati kinaning'inia chambo, kidude cha mpira kisichozidi kidole gumba, chenye harufu ya nondo jike, mama wa viwavi hawa. Nondo dume wanaifuata harufu usiku, wananasa kwenye gundi, kamera inapiga picha, picha inakwenda kwa mtandao wa simu mpaka kwenye kompyuta, kompyuta inahesabu. Hesabu ikipanda, mkulima anapata ujumbe aingie shambani kukagua kabla mayai hayajaanguliwa au viwavi wakiwa bado wadogo kama uzi. Mtaalamu alisema jike mmoja hutaga zaidi ya mayai elfu moja, na kwa joto la huku yanaanguliwa kwa siku tatu hivi. Tena nondo huyu anaweza kuruka kilomita mia kwa usiku mmoja akisukumwa na upepo, kwa hiyo hakuna cha kusema shamba la jirani ni safi. Kiwavi akishanenepa na kuzama kwenye moyo wa mhindi, na kinyesi chake kikaziba juu kama kizibo, unaweza kummwagia dawa bomba zima asijue hata kama kumenyesha.

Na msimu ule wa kwanza kitu kilifanya kazi, Mkurugenzi. Hapo ndipo panaponiuma. Mwezi wa Machi ulikuja ujumbe: nondo wameongezeka, kagua. Nikaingia shambani kama tulivyofundishwa, nikitembea kwa mchoro wa W, vituo vitano, mashina kumi kila kituo. Katika mashina hamsini nikakuta manne tu yameguswa. Tulikuwa tumeambiwa mahindi machanga yakifika mashina kumi kwenye hamsini ndipo ufikirie dawa. Basi sikupiga. Yale manne nikaminya viwavi kwa vidole, nikatia mchanga kwenye mioyo ya mahindi yaliyokuwa karibu, nikaenda zangu nyumbani. Majirani walionipuuza walipiga dawa mara tatu, na tulivuna sawasawa. Hela ya dawa mimi nikanunulia bati nne. Ukija nitakuonyesha, ziko jikoni upande wa magharibi.

Sasa chambo. Yule mtaalamu alitamka kwa mdomo wake kwamba harufu ile inadumu wiki nne hadi sita, kisha kibadilishwe. Tuliachiwa vitatu. Vikaisha mwezi wa Juni mwaka ule ule. Nilipopiga simu nikaambiwa "inashughulikiwa". Vuli ikapita inashughulikiwa. Masika ya mwaka jana ikapita inashughulikiwa, na Mungu akatuhurumia, viwavi walikuwa wachache. Mwaka huu hakutuhurumia.

Kumbe kamera haijui kama chambo kimekufa. Inapiga picha karatasi yenye vumbi, kompyuta inakuta hakuna nondo, inaandika sifuri, na sifuri inageuka "hali ni shwari" kwa simu zaidi ya mia mbili kila Jumatatu saa moja kamili. Wala haichelewi! Nimefanya kazi na ofisi za serikali tangu enzi za kadi ya mgao, sijaona kitu chenu kinachowahi kama huo ujumbe.

Watu waliuamini. Ningewalaumuje? Mwaka juzi ulisema kweli. Kwa hiyo wiki tatu hizi, badala ya kukagua, watu walikwenda kwenye vibarua na kwenye msiba wa mtaa wa pili. Walioingia shambani kupalilia waliona matundu matundu kwenye majani wakasema ah, shwari. Jumatano nilipita mashamba ya majirani watatu na ile hesabu yangu ya hamsini. La kwanza thelathini na moja. La pili thelathini na nane. La tatu sikumaliza, mwenye shamba alikuwa amekaa chini pembeni, nikaona si adabu kuendelea kuhesabu.

Langu ni ekari tatu. Mbegu na mbolea nilichukua kwa mkopo wa kikoba, na marejesho yanaanza Julai, mvua inyeshe isinyeshe. Mpaka sasa moja na nusu sioni kama itatoa kitu cha kujaza gunia. Lakini hilo ni langu. Lisilo langu ni kwamba watu wanaponiona kisimani wananyamaza. "Mtunza mtego." Jana mzee mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, ni kiasi gani nalipwa na halmashauri ili niseme shwari. Sijawahi kulipwa hata nauli ya kwenda masjala.

Na kuna kijana wa jirani yangu. Alipoona hali, alikwenda duka la pembejeo akanunua dawa mbili tofauti, akazichanganya kwenye bomba moja kwa kipimo cha kizibo cha soda, akapiga saa sita mchana, bila barakoa, kandambili miguuni. Jioni alitapika mpaka akapakiwa kwenye bodaboda kwenda zahanati. Amepona, tunashukuru. Viwavi nao hawajambo, kwa sababu saa sita wako ndani kabisa wamelala. Waliokufa ni sisimizi na buibui, wale wale waliokuwa wakitusaidia.

Nikupe kimoja cha kuchekesha. Juzi nilipanda ngazi nikafungua mtego. Ndani, chini ya kamera, nyigu wamejenga. Kiota kizuri, vyumba kama ishirini. Nikakaa nikawatazama, na mmoja akaja amebeba kiwavi kidogo cha kijani, akakitafunatafuna, akaingia nacho. Kwa hiyo katika mradi mzima, Ndugu Mkurugenzi, afisa ugani pekee ambaye bado yuko kituoni ni nyigu. Sijamfukuza.

Sababu za yote haya sizijui, nasikia tu. Wapo wanaosema mradi uliisha na walioleta fedha wameshafunga mabegi. Wapo wanaosema vyambo vipo, vimo kwenye friji ya ofisi kwa kuwa vinataka baridi, vinasubiri gari, gari linasubiri mafuta, mafuta yanasubiri saini. Afisa ugani wetu wa awali alihamishwa na aliyekuja ana kata mbili. Pikipiki anayo, ya zile zilizogawiwa mwaka 2022, lakini tairi ya nyuma iko nyumbani kwa fundi. Kishikwambi kimefungiwa kabatini na ufunguo, nasikia, ulihama na yule wa kwanza. Mimi nahisi ni jambo dogo zaidi: hakuna aliyekumbuka kuandika "chambo" kwenye bajeti. Kamera ilipigwa picha na viongozi siku ya uzinduzi. Kidude cha mpira nani angepiga nacho picha?

Usije ukaambiwa kwamba wanakijiji hawataki teknolojia. Mdudu huyu aliingia Afrika mwaka 2016, mwaka 2017 akawa ameshafika Tanzania, na tangu hapo tumejaribu kila kitu, majivu, mchanga, sabuni ya unga. Mwanangu alinipakulia ile programu ya simu iitwayo Nuru, inaongea Kiswahili na haidai mtandao ukiwa shambani. Unaielekezea jani inakwambia kama ni kiwavijeshi. Inasaidia, lakini hiyo inaangalia jani lililokwisha kuliwa. Tulichoahidiwa sisi ni kuambiwa kabla. Na hata hilo si geni. Kilosa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima walikuwa na mtego wao kijijini kwa ajili ya yule kiwavijeshi wa zamani, mweusi, anayetembea makundi. Mkulima mwenzao alihesabu nondo, akapima mvua, akaandika kwenye daftari, akatangaza. Hakukuwa na kamera wala sola. Chambo kilikuwepo.

Nilikuwa na orodha ndefu: mafunzo, gari, fidia, afisa wa kata moja, mkutano wa hadhara uje mwenyewe utueleze. Nimeifuta. Fidia najua haitakuja, na mkutano utaleta turubai tena.

Naomba chambo. Kimoja kwa mtego namba 3, na kama mitego mingine minne iko kama wangu, basi vitano, na vingine vya kubadilishia kila wiki sita mpaka mahindi yatoe ndevu. Nitavitundika mwenyewe, ngazi ninayo, na nyigu tumeshazoeana. Nauli ya kuja kuvichukua nitajilipia. Mnipigie tu simu mniambie dirisha namba ngapi.

Na kama chambo hakipo kabisa, basi agiza huo ujumbe wa Jumatatu uzimwe. Uzimwe leo, usisubiri kikao. Mtu asiyeambiwa kitu ataingia shambani aangalie kwa macho yake, kama tulivyokuwa tukifanya. Au kompyuta ifundishwe kuandika "Mtego hauna chambo, hatujui." Maneno manne hayo, mwanangu, yangeniokolea ekari moja na nusu.

Leo ni Ijumaa. Jumatatu saa moja simu zitalia tena.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtunza Mtego Namba 3

Nakala:
Mtendaji wa Kata (kwa mara ya pili)
Ubao wa matangazo, ofisi ya kijiji (nimeshabandika)