Niache mshahara nikasomee figo, au ningoje ahadi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 34, naishi Umoja na mume wangu na watoto wawili. Nimefanya kazi miaka tisa katika wadi ya kawaida ya hospitali moja hapa Nairobi: sukari, presha, nimonia, vidonda, wote hupitia mikononi mwangu.

Mwaka jana nilipelekwa kitengo cha figo kwa wiki tatu kumshikia mwenzangu aliyeugua. Huko kulikuwa na mzee aliyekuwa dereva wa matatu. Alikuja mara mbili kwa wiki, akilala kwenye mashine kwa muda wa saa nne damu yake ikisafishwa. Siku ya kwanza aliuchukua mkono wangu akauweka karibu na kiwiko chake, pale alipounganishiwa mishipa miwili ya damu, ateri na vena, ili mashine ipate damu ya kutosha. Nikahisi mtetemo wa damu ikipita, kama wa nyuki ndani ya kiberiti. Akasema kila akiamka hujipapasa hapo kwanza. Asipousikia, anakimbia hospitali hata chai hanywi. Shangazi, tangu siku hiyo najua kazi ninayoitaka.

Nimepata nafasi ya kusomea stashahada ya juu ya uuguzi wa figo, mwaka mmoja. Muuguzi mkuu amekataa kunipa likizo yenye mshahara. Anasema zamu yangu itafika mwakani. Mwaka 2023 aliniambia hivyo hivyo. Nikienda bila malipo, kodi, karo na mkopo wa chama vitamwangukia mume wangu, fundi wa magari ambaye siku nyingine hurudi mikono mitupu. Yeye ananiambia, "Enda, tutakula sukuma." Lakini usiku namsikia akihesabu pesa akidhani nimelala.

Kinachoniogopesha zaidi ni hiki. Mwenzangu alijilipia akasomea uuguzi wa wagonjwa mahututi. Aliporudi alipangwa kliniki ya chanjo, na yuko huko mwaka wa pili sasa, mshahara ule ule. Nimeomba barua ya kuahidi kwamba nitarudishwa kitengo cha figo, nikaambiwa barua ya namna hiyo haiandikwi.

Siku hizi hata hospitali za kaunti zina mashine hizi, si lazima kila mgonjwa aje Hospitali ya Kenyatta hapa Nairobi. Je, nijiuzulu, nisome, kisha nitafute kazi huko, hata kama ni mbali na watoto? Au ningoje mwaka mmoja zaidi? Chuo kinataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Muuguzi, Umoja