Barua ya wazi kwa Kamishna wa CFL: Ijumaa na Jumamosi ni zako

Mheshimiwa Stewart Johnston,
Kamishna wa Ligi ya Futiboli ya Kanada (CFL)

Mheshimiwa Kamishna,

Tunaokuandikia ni makocha wa watoto, waamuzi wa ligi za mitaani na mashabiki wa CFL tunaozungumza Kiswahili hapa Kanada. Kwa msomaji ambaye akisikia futiboli anawaza Simba na Yanga, sisi tunazungumzia ule mpira wa umbo la yai unaobebwa mikononi, ndugu wa ule wa Marekani. Kanada huchezesha watu 12 kila upande badala ya 11, na timu hupewa majaribio 3 ya kusogeza mpira yadi 10 badala ya 4. Ligi yako ina timu 9. NFL ya Marekani ina 32, na mechi zake humfikia Mkanada sebuleni kupitia vituo vilevile vinavyoonyesha za kwako.

Ulipotangaza mabadiliko ya sheria Septemba 2025, yakiwemo kuufupisha uwanja kwa yadi 10 kuanzia 2027, mjadala wote ulihamia kwenye urefu wa uwanja. Kwa maoni yetu mtazamaji hapotei kwa sababu ya yadi 10. Anapotelea kwenye ratiba, kwenye malipo ya kebo na mlangoni mwa uwanja.

Tuanze na ratiba, maana ndiyo yenye mali nyingi isiyotumika. NFL huanza msimu Alhamisi inayofuata Siku ya Wafanyakazi, yaani wiki ya kwanza au ya pili ya Septemba. CFL huanza mapema Juni. Hivyo katika wiki zako 21 za msimu wa kawaida, takriban 13 hazina mechi hata moja ya ushindani ya NFL. Baada ya hapo mpinzani anachukua Jumapili nzima, Jumatatu usiku na Alhamisi usiku. Lakini Ijumaa usiku na Jumamosi kwa kawaida anaziacha, na haziachi kwa hisani. Sheria ya utangazaji wa michezo ya Marekani ya 1961 inazipa timu kinga ya kuuza haki za runinga kwa pamoja, kisha inaiondoa kinga hiyo zikirusha mechi Ijumaa baada ya saa 12 jioni au Jumamosi, karibu na mahali penye mechi ya chuo au shule ya sekondari, kati ya Ijumaa ya pili ya Septemba na Jumamosi ya pili ya Desemba. Sharti hilo liliwekwa kulinda futiboli ya vyuo na shule za Marekani, na bila kukusudia likaiachia Kanada siku mbili za wiki. Wewe uliyekiongoza kituo cha runinga cha michezo cha TSN unaijua hesabu hii kuliko sisi.

Ligi imeshaanza kuelewa: nusu fainali na fainali za kanda zilihamishiwa Jumamosi mwaka 2023. Iliyobaki Jumapili ni fainali yenyewe, Grey Cup, kombe linaloshindaniwa tangu 1909. Ile ya 2025 kule Winnipeg, Saskatchewan ilipoifunga Montreal 25 kwa 17, ilichezwa Jumapili ya Novemba huku NFL ikiendelea chaneli nyingine. Mechi yako kubwa kuliko zote unaiweka siku ambayo jirani yako ana nguvu kuliko zote!

Tunapendekeza Jumamosi, saa 9 alasiri kwa saa za Toronto. Si usiku, kwa sababu Jumamosi usiku nchini hapa ni ya hoki, na mechi zake za kwanza huanza saa 1 jioni. Mechi ya futiboli pamoja na burudani ya mapumziko hula kama saa tatu na nusu, kwa hiyo saa 9 inakupa nafasi ya kumaliza, kukabidhi kombe na kuondoka kabla hoki haijashika kasi. Vancouver itakuwa mchana, Regina saa 8, na hakuna mtoto atakayelala kabla ya dakika za lala salama. Nairobi na Dar es Salaam itakuwa saa 5 usiku, saa ambayo watu huko wamezoea kuwa macho kwa ajili ya mpira wa Ulaya.

Kikwazo kipo msimu ukibaki ulivyo: Jumamosi hizo za katikati ya Novemba vyuo vikuu vya Kanada hucheza nusu fainali zao za kitaifa. Ukiwavamia utakuwa umewafanyia wao kile ambacho NFL inakufanyia wewe. Zungumza nao mapema moja ya mechi hizo iende Ijumaa usiku, na nyingine Jumapili mchana katika mji uleule wa Grey Cup, ambako tayari kuna mashabiki wenye vyumba vya hoteli na hawana la kufanya hadi ndege ya jioni.

Wapo wanaotaka msimu mzima urudishwe nyuma mwezi mmoja, uanze Mei mwanzoni. Tunawaelewa, ila mwezi ni mwingi. Usajili wa vijana wa NFL hufanyika mwishoni mwa Aprili, na Mmarekani aliyekosa nafasi huko bado anasubiri kambi za majaribio za Mei kabla ya kukubali kuja kwako. Ukianza mapema mno, utacheza wiki za kwanza na vikosi pungufu. Kisha kuna mchujo wa hoki. Edmonton Oilers walifika fainali Juni 2024 na tena Juni 2025, na miezi ya namna hiyo hakuna anayeuza tiketi za futiboli Edmonton. Wiki mbili zinatosha: zinaongeza wiki tulivu kutoka 13 hadi 15, na Grey Cup inaangukia mwanzo wa Novemba, kabla baridi ya Regina na Winnipeg haijawa kali. Na timu ambayo mji wake uko kwenye mchujo wa hoki ipangiwe kucheza ugenini wiki hizo.

Usiguse mechi za watani wa jadi. Wikiendi ya Siku ya Wafanyakazi Winnipeg huenda Regina, nyumbani kwa Saskatchewan, kisha Saskatchewan hurudisha ugeni wiki inayofuata. Toronto huenda Hamilton, na Edmonton huenda Calgary. Hizo zinahimili hata wiki ambayo NFL inafungua msimu.

Sasa uwanja. Wa sasa una yadi 110 na maeneo ya mwisho ya yadi 20 kila upande, jumla yadi 150, karibu mita 137. Wa 2027 utakuwa yadi 100 na 15, jumla 130, karibu mita 119. Upana wa yadi 65 umebaki, wachezaji 12 wamebaki, majaribio 3 yamebaki. Hapo umefanya busara, kwa kuwa upana na majaribio ndivyo vinavyoufanya mchezo huu uwe wa pasi na mbio. Saa ya sekunde 35 za kuanzisha jaribio jipya, inayoanza yenyewe mara mchezo unapokufa nayo tunaiunga mkono bila masharti. Zamani mwamuzi ndiye aliyeanzisha sekunde 20, na waamuzi hawalingani kasi.

Wasiwasi wetu ni milingoti ya goli, ile ambayo mpira hupigwa teke upite katikati yake kupata pointi. Leo imesimama juu ya mstari wa goli. Timu ikisimama yadi ya 40 ya mpinzani, mpira hushikwa yadi 7 nyuma, basi teke ni la yadi 47. Milingoti ikirudishwa nyuma ya eneo la mwisho, teke hilohilo linakuwa la yadi 62, na wapigaji wanaolifikisha ni wachache sana. Mnatumaini kocha atathubutu kutafuta tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho. Kwa majaribio 4 angethubutu. Kwa majaribio 3, akibakiwa na yadi 6, ataupiga mpira juu pembeni na kumkabidhi mpinzani karibu na mstari wake wa goli, na mtazamaji atakuwa ameongezewa kitu kile kinachomfanya ainuke kwenda jikoni. Dawa ipo: timu ikipiga mpira wa namna hiyo kutoka ndani ya yadi ya 45 ya mpinzani, na mpira ukavuka mstari wa goli bila kuguswa, mpinzani aanzie yadi ya 40. Kocha akijua adhabu hiyo atafikiri mara mbili. Tutakosa pia ule utamu wa teke lililokosa goli kudakwa na kukimbizwa kurudi upande wa pili, maana sasa mengi yatatoka nje. Hilo tunalisikitikia, ila halina dawa.

Kwa viwanja vya shule na vyuo, toa muda. Mlingoti umesimikwa kwenye zege. Kuuhamisha ni kuchimba msingi, kumwaga mwingine, na mara nyingi kukuta goli la soka limewekwa palepale. Wacheze kwa vipimo vya zamani hadi siku yao ya kubadilisha nyasi ifike, kisha ligi ichangie milingoti.

Kuhusu majukwaa tutasema machache. Uwanja wa Commonwealth, Edmonton, una viti zaidi ya 55,000. Watu 20,000 waliotawanyika humo wanaonekana kwenye runinga kama watu wa mazoezini. Kamera kuu hukaa upande mmoja, kwa hiyo kinachoonekana ni jukwaa la upande wa pili. Jaza hilo kwanza: weka humo tiketi za bei ya chini, shule na vikundi, funga ghorofa ya juu, na wenye tiketi za bei kubwa wakae chini ya kamera wanapopenda. BC Lions wa Vancouver wameonyesha njia nyingine, kufungua msimu kwa tamasha: 50 Cent mwaka 2024, Snoop Dogg mwaka 2025. Inajaza siku moja. Inayofaa kuulizwa ni wangapi kati ya hao waliuziwa tiketi ya mechi ya tatu kabla hawajatoka getini.

Runinga. Tangu 2024 kituo cha CTV huonyesha baadhi ya mechi, na CTV hupatikana kwa antena bila malipo. Katika mkataba ujao wa matangazo omba mechi moja ya Jumamosi alasiri kila wiki, saa ileile, kituo kilekile. Mhamiaji mwenye antena ya dirishani hatanunua kebo kwa mchezo asioujua. Na vipande vya video vya simu vikatwe na mtu anayeujua mchezo. Kinachoutofautisha mchezo wako ni wapokeaji wanaokimbia kuelekea mstari kabla mpira haujaanzishwa, kitu ambacho NFL inakikataza. Kipande kikianza mpira unapoanzishwa, kitu hicho kimekatwa. Kianze sekunde 3 kabla. Na kwa uwanja wenye upana wa yadi 65, picha ya wima inawatoa nje wapokeaji wa pembeni. Afadhali picha ya mlalo, au ya wima inayomfuata mkimbiaji mmoja tangu mwanzo.

Tumalizie na watu wetu. Familia kutoka Kongo, Burundi na kwingineko Afrika Mashariki zimejaa Edmonton, Winnipeg, Ottawa na Hamilton, miji yenye timu. Wengi hawajui kwamba Henoc Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alichaguliwa wa kwanza kabisa katika usajili wa vijana wa 2011, na kwamba katika Grey Cup ya 2022 alitwaa tuzo zote mbili, ya mchezaji bora na ya Mkanada bora. Watu wamwone mashuleni, si kwenye mabango tu.

Mtoto huingia kwenye mchezo huu kwa futiboli ya vitambaa, ile isiyo na kugongana, itakayochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028. Ni watu 5 kwa 5, upana wa uwanja yadi 25. Ukivifupisha kidogo viwanja hivyo na kuvipanga kwa kukata upana wa uwanja wa CFL, vinaingia vinne na nafasi za kupishana katikati. Kila kiwanja kinahitaji mikanda 10 yenye vitambaa, koni 10 na mipira 2 ya saizi ya watoto. Watoto 40 wanacheza kwa wakati mmoja, 80 kwa zamu, saa mbili kabla ya mechi kubwa. Yanayoharibika ni madogo: shati lisilochomekwa hufunika kitambaa na ugomvi huanza, kaptula yenye mifuko hunasa vidole vya mkabaji. Kubwa ni tiketi. Mkimpa mtoto tiketi moja ya bure, mzazi analipa kiingilio chake, cha mwenzake na cha wadogo, au haji. Toeni nne, pamoja na nauli ya basi.

Na mtupe sauti. Matangazo ya hoki kwa Kipunjabi yalianza 2008 na yakaleta mashabiki ambao hakuna tangazo la biashara lingewafikia. Kwa Kiswahili haihitaji studio: watangazaji wawili, vipaza sauti viwili vya kichwani, kompyuta moja na mstari wa intaneti usiokatika. Wasikae uwanjani. Picha ya mtandaoni huchelewa sekunde nyingi nyuma ya tukio, na mtangazaji aliye uwanjani atashangilia tachidauni ambayo msikilizaji bado hajaiona. Wakae chumbani wakitazama mtiririko uleule anaoupata mtazamaji, na sauti irushwe juu yake kwenye CFL+, huduma ya ligi ya kuonyesha mechi mtandaoni. Anzeni na mechi nne: mbili za Winnipeg na Saskatchewan za Septemba, ile ya alasiri ya Sikukuu ya Shukrani ya Oktoba, na Grey Cup. Watangazaji wapo, na ratiba ya 2027 bado inaweza kubadilishwa.

Wako,
Makocha, waamuzi na mashabiki wa CFL wazungumzao Kiswahili, Kanada