Babu, Hivi Wewe Unaitwa Nani?

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya kwenu nyote, mlioko huku mlimani Kilimanjaro na mlioko njiani mnakuja. Wa njiani nawapa na pole juu yake. Najua kuanzia Segera mpaka Himo mwezi huu kila dereva ana haraka kana kwamba mlima utahama. Hautahama. Njooni taratibu, hata mkifika usiku wa manane mtori utapashwa.

Salamu zangu mwaka huu zina kisa, na kisa chenyewe kilitokea getini kwangu tarehe 2 Januari iliyopita asubuhi. Gari la mwanangu lilikuwa limeshawashwa, mikungu ya ndizi imefungwa kwenye keria, mkewe anahesabu mabegi kwa mara ya tatu. Mjukuu wangu wa miaka sita akashusha kioo, akanitazama kama mtu aliyekumbuka jambo, akauliza: "Babu, hivi wewe unaitwa nani?"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, nikamjibu, "Naitwa Babu." Gari likaondoka. Nilibaki pale nimeinua mkono, vumbi likatulia, ndipo nikaanza kuhesabu. Alikaa kwangu siku 9. Kwao Dar es Salaam ananijua kama "babu wa Moshi", kunitofautisha na babu wa Tanga, baba wa mama yake. Kwa siku zote hizo hakuna aliyemwongezea neno juu ya hilo, wala mimi mwenyewe.

Tena si mjukuu yeyote tu. Ni mtoto wa kwanza wa kiume wa mwanangu, na kwetu Wachagga huyo hupewa jina la baba wa baba yake. Jina langu ndilo lake. Limo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, limekaa katikati ya jina la ubatizo na jina la ukoo, na hakuna anayemwita kwa jina hilo. Mtoto alikuwa ananiuliza jina lake.

Siku 9 zilikwenda wapi? Krismasi ya Uchagani mnaijua. Watani zetu Wapare hawachoki kutucheka kwamba Desemba tunaihamisha Dar nzima na kuibandika mlimani. Wa mabasi wanakuja, wa magari madogo wanakuja, na tangu treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019, baada ya kupotea zaidi ya miaka 20, wapo wanaokuja nayo na kulala usingizi wao. Wakishafika, kazi inaanza. Leo kikao cha ukoo, kesho ubarikio, yaani kipaimara, kwa jirani, keshokutwa harusi, halafu msiba wa Machi ambao watu hawakuweza kuja wanakuja sasa kutoa pole. Mimi kama mzee wa boma nakaa kwenye kiti chini ya mti wa mringaringa, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, wageni wanaingia na kutoka. Mjukuu akisogea, namwambia kwa upole kabisa: "Nenda ukacheze, wakubwa wanaongea."

Hilo nilimwambia mara ngapi sijui. Naye alikuwa mtiifu, akaenda kucheza. Wakajikusanya wajukuu wote kwenye kona ya sebule karibu na soketi, vichwa vimeinama kwenye simu za mama zao. Jioni sisi wakubwa tukaanza kulaumu simu. Simu ya watu ilikubali kukaa nao, mimi nilikuwa na wageni.

Bibi yao ana afadhali kubwa. Jikoni kwake kila mtoto anapita, na anayepita anapewa kazi. Yeye ndiye aliyejua kwamba yule wa kike wa binti yetu hali maharage, na kwamba mdogo wake anaogopa giza la huku, ambalo si kama giza la mjini lenye taa za jirani. Aliwapaka mafuta mikononi kwanza ndipo akawapa ndizi mchare wamenye, maana utomvu wa ndizi ukishakauka kwenye vidole ni wa kutembea nao wiki nzima. Waliporudi Dar, habari walizosimulia zilikuwa za bibi. Mimi nilisimuliwa kama kiti.

Kwa hiyo nimetengeneza ratiba, na ndugu zangu wa ukoo wameshaijua. Kikao ni kimoja tu, tarehe 27 mchana. Mwenye jambo alilete hapo. Asubuhi zote zilizobaki nina wageni wengine, na wanaongea sana.

Ya kwanza nitawapeleka kwenye mfongo. Wakubwa wengi siku hizi wanaupita kama mtaro wa barabarani, lakini huo ni mfereji uliochimbwa na wazee kwa majembe, ukayatoa maji mtoni juu huko na kuyatembeza ubavuni mwa mlima mpaka kwenye migomba yetu. Maji yake ni ya zamu. Mvua za vuli zikiwa zimekatika na zamu yetu ikafika, mnaamka alfajiri, mnaziba huku kwa mawe na magome ya mgomba, mnafungua kule, na mnakaa macho ili jirani mwenye usingizi mwepesi asiwarudishie maji kwake. Mtoto aliyezoea maji ya tenki nataka aone maji yakifika yenyewe, yakija polepole yakisukuma majani makavu mbele yake. Mtaloa na kujaa matope. Wazazi, leteni nguo za kuchakaza. Zile nyeupe za picha mziweke za kanisani.

Halafu kihamba, shamba letu la ukoo linaloizunguka nyumba. Mwaka jana mmoja aliniuliza shamba liko wapi, naye amesimama katikati yake. Sikumcheka, kwa sababu kweli halifanani na mashamba ya kwenye vitabu vyao. Juu kabisa kuna mringaringa na mfuruanje, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi, na pembeni ng'ombe aliyefungiwa bandani anayengoja aletewe majani. Ni kama nyumba ya ghorofa, ila kila ghorofa inaliwa. Nitawaonyesha mashine ya kumenya kahawa ya marehemu baba, imeshika kutu lakini mpini bado unazunguka. Kwa kahawa iliyopita hapo, ikauzwa chama cha msingi na kwenda KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro kilichoanza mwaka 1933, ndipo ada yangu ya shule ilipotoka. Mibuni imebaki michache, mahali pake nimeweka miparachichi. Hilo nalo nitawaambia, nisijifanye mlinzi wa mambo ya kale.

Na mlima wenyewe, jamani. Tuna watoto waliozaliwa kwa watu wa Kilimanjaro ambao wameuona zaidi kwenye picha na chupa kuliko kwa macho, kwa sababu wanaamka saa tatu, mawingu yameshaufunika. Nitawaamsha saa kumi na mbili. Kibo, kilele kikubwa, atakuwa kule amekaa na kofia yake nyeupe, na Mawenzi, kilele mwenzake, pembeni amekwaruzika. Hapo nitawapa kisa nilichopewa mimi. Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kwa Kibo kuomba kijinga cha moto. Akamkuta anatwanga ndizi kavu, akapewa moto na chakula juu. Chakula kikamnogea, basi njiani akauzima moto makusudi, akarudi: "Ndugu yangu, umezimika tena." Akapewa tena. Aliporudi mara ya tatu Kibo alikuwa ameshaelewa, akamgeuzia mchi. Mpaka leo Mawenzi ana makovu. Kuna vijiji wanaisimulia kwa namna nyingine, na kila kijiji kinaapa chake ndicho.

Watauliza kwa nini kofia ya Kibo ni ndogo hivyo. Nitawajibu ukweli, kwamba tangu mwaka 1912 barafu yake imepungua kwa zaidi ya asilimia 80, na ile niliyoiona nikiwa na umri wao ilikuwa imeshuka zaidi mabegani. Mtoto ana haki ya kujua anaangalia kitu gani.

Kuhusu Kichagga, sitamgombeza mtu. Mama yao ni wa Tanga, baba yao nyumbani anaongea Kiswahili, shuleni ni Kiingereza. Lugha yangu wangeiokota wapi? Na sisi wenyewe wa Marangu tukikutana na mtu wa Machame tunaishia kuongea Kiswahili. Nitawafundisha "aika", asante, ili wakipewa kitu na bibi wa jirani wamjibu kwa neno atakalolipeleka kanisani kuwasimulia wenzake.

Sasa ninyi wanangu. Mablanketi tunayo, na hicho kisanduku cha kupimia presha mlichotuletea mwaka juzi kinafanya kazi. Msituletee kingine. Ninaomba jambo moja: mkiondoka tarehe 2, waacheni watoto mpaka shule zikaribie kufunguliwa. Nitawaleta mwenyewe. Wageni wakishaondoka na nyumba ikatulia, hapo ndipo mtoto anapokuja kukaa karibu nawe bila kuitwa, na ndipo na mimi nina la kusema. Na kama kuna mwenye pumu au dawa ya kila siku, semeni mkiwa bado Dar. Moshi wa kuni za bibi haubagui.

Salamu hizi ziwafikie pia babu na bibi ambao geti lao halitafunguliwa mwaka huu. Nauli imeshindikana, likizo imenyimwa, au kuna maneno yalisemwa Krismasi iliyopita na hayajapoa. Kwa la mwisho hilo, jani la isale, mmea wetu wa amani, bado linaota mpakani. Atakayelishika na kuja nalo kuomba msamaha, kwa desturi yetu hafukuzwi, na atakayetangulia kulishika si lazima awe mdogo.

Na wapo ambao wajukuu hawaji kwa sababu hawajawahi kuondoka. Jirani yangu analea watatu peke yake, mwaka mzima, sare, madaftari na homa za usiku. Kwake Desemba haina mgeni, ina midomo ileile. Mnaofika na magari yaliyojaa, mpiteni. Watoto wenu wacheze na wa kwake, na nyama ikigawanywa, kipande chake kiende kabla ya kuitwa.

Ruwa, Mungu wetu, awafikishe salama.

Mjukuu wangu, baba yako atakusomea haya, au utayasoma mwenyewe, maana darasa la kwanza umeshalimaliza. Swali lako nimekaa nalo mwaka mzima. Nyuma ya nyumba, ulikokuwa unakimbiza kuku, kuna kaburi limezungushiwa masale. Ni la babu yangu. Kwa baba yangu mimi nilikuwa mtoto wa kiume pekee, ndiyo maana kihamba hiki kilibaki kwangu na jina la mzee huyo nikapewa mimi. Msalaba wake wa saruji ulikuwa umeota kuvu mpaka maandishi yakapotea. Wiki hii nimeusugua kwa brashi na maji, siku mbili, na herufi zimerudi zote. Hapa sitaliandika. Utasimama pale ulisome kwa sauti, bibi yako asikie akiwa jikoni. Mkifika usiku, tutasubiri kuche.