Ng'ombe aliyekufa ghafla asichunwe

Mhariri,

Kijijini kwetu dume la jirani lilikutwa limekufa alfajiri, damu nyeusi isiyoganda ikichuruzika puani. Kabla jua halijapanda, lilikuwa limeshachunwa na nyama imegawanywa. Wazee walisema kibudu kikichemka sana hakina neno. Wiki hiyohiyo vijana wawili waliochuna walitokwa na vidonda mikononi, visivyouma, vyenye kigaga cheusi katikati: dalili za kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu. Kwa dawa za hospitali wamepona, namshukuru Mungu. Lakini pale walipochunia mbuzi wanalishwa hadi leo, na hilo linaninyima usingizi.

Bakteria wa kimeta akiwa ndani ya mzoga usiopasuliwa ni dhaifu. Humo hamna hewa, na uozo wenyewe humuua ndani ya siku chache. Kisu kikipita damu ikamwagika, anapata oksijeni, na hapo ndipo hujigeuza. Hutenga nakala ya chembe zake za urithi katika chumba kidogo ndani ya mwili wake, hukizungushia maganda tabaka juu ya tabaka, hukipunguza maji, kisha mwili wa nje hufa. Kinachobaki ni spora. Haili, haikui, haizaani. Inangoja mnyama wa kuimeza pamoja na majani. Ukame hauiwezi, baridi haiiwezi, hata spiriti ya mikono haiiwezi. Maabara huiua kwa mvuke wenye shinikizo wa nyuzi 121 kwa robo saa, joto ambalo sufuria zetu hazilifikii.

Mwaka 1942 Waingereza walijaribia silaha ya kimeta kwa kondoo katika kisiwa cha Gruinard, Uskoti. Kisiwa kilifungwa, na udongo ukabaki na spora hai mpaka uliponyunyiziwa maji ya bahari yenye formalini, dawa kali ya kuua vijidudu, mwaka 1986. Watu waliruhusiwa tena mwaka 1990. Sisi hatuna formalini ya kumwagia malisho.

Daktari Mjerumani Robert Koch alieleza safari hii ya spora tangu 1876. Si elimu mpya, ila haijafika kwenye maboma yetu.

Naomba gazeti lako liandike kabla ya masika: mnyama akifa ghafla asipasuliwe, mzoga ufunikwe na kulindwa dhidi ya mbwa na tai, bwana mifugo aitwe siku hiyohiyo asimamie kuuchoma au kuuzika kwa kina. Na mifugo ichanjwe kila mwaka, hasa inayolisha mahali palipowahi kuchuniwa kibudu.

Mfugaji,
Arusha