Barua kwa Furaha: usiombe kadi nyingine kwanza

Bukavu, Jumapili jioni

Furaha wangu,

Jambo sana. Jambo kwa watoto, jambo kwa baba yao. Sisi huku tunapumua. Mvua imeanza, njia ya kushuka Nyamugo ni matope matupu, Mama anakusalimia na anauliza kama sombe ya huko ina ladha. Nakuandikia kwa kalamu, kisha Chance ataipiga picha na kukutumia, kwa sababu mtandao unakata kila dakika. Ukisikia sauti yangu nusu nusu utadhani nakugombeza.

Sikugombezi. Nimesikiliza sauti yako mara tatu. Pale unaposema "Nabintu, wamenikataa tena, hii ni ya nne," niliacha kuchambua mchele nikakaa. Miezi minane ulikuwa kimya, mimi nikadhani nilikukosea kwenye harusi ya Faida. Kumbe ulibeba deni la hospitali, mahakama na aibu, vyote peke yako huko Kentucky, ukiogopa mtu wa Bukavu asijue. Hata Mama sijamwambia. Nitanyamaza mpaka wewe mwenyewe useme.

Lakini hilo la kuomba kadi nne za mkopo kwa miezi miwili, na juzi tu umefilisika mahakamani, Furaha, hapana. Acha kwanza. Nilimpigia kaka yetu Yaya Déo, maana unajua naye alipita njia hiyo kule Ohio, na alinieleza kwa utulivu nikaandika kwenye daftari. Anasema kila ombi unalopeleka linaacha doa kwenye ripoti yako ya mikopo, ile inayoonyesha unavyokopa na kulipa, na doa hilo hukaa miaka 2. Mkopeshaji wa tano akifungua ripoti anaona milango minne uliyobisha kwa haraka, anaogopa. Na hiyo kufilisika yenyewe, kama yako ni ile ya Sura ya 7 (Chapter 7) ya sheria yao kama ulivyosema, itaonekana miaka 10 tangu siku ulipofungua faili. Nilipoandika hiyo 10 niliumia. Ila Yaya anasema watu hawangoji miaka yote hiyo. Yeye alipata kadi mapema, kwa sababu alianza padogo.

Unamkumbuka Mama Nsimire? Duka lake la vitenge pale Kadutu liliungua lote, na katika AVEC yetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, alikuwa na deni la dola 180. Tulikaa naye, tukahesabu, tukaona hana hata kikombe, kikundi kikafuta deni. Wengine walikasirika, mimi pia nilikasirika kidogo, maana makuta yale, hela zile, yalikuwa na jasho letu. Mzunguko uliofuata akarudi akitaka kukopa. Tulimwambia: nunua hisa kwanza. Kila Jumamosi alikuja na franka zake, wiki nyingine hisa moja tu, anaziweka mbele ya macho yetu kwenye lile sanduku la kufuli tatu. Mkopo wake wa kwanza haukuzidi akiba yake mwenyewe, wakati sisi wengine tunaruhusiwa hadi mara tatu. Angeshindwa kulipa, tungekata humo humo. Alilipa. Wa pili akalipa. Leo ndiye anashika ufunguo mmoja wa sanduku! Na tangu benki zifungwe hapa Februari 2025, sanduku hilo ndilo benki yetu, kwa hiyo ujue tunampa nini tunapompa ufunguo.

Sasa sikia nilichoelewa, nikafurahi hata nikamkatiza Yaya kwenye simu: huko kwenu kuna kadi ya namna hiyo hiyo! Unaweka dhamana ya makuta yako, tuseme dola 200, na hizo 200 ndizo kikomo cha kadi. Benki haipotezi kitu. Wewe unanunua kidogo, unalipa yote kabla ya tarehe, na kila mwezi wanaandika kwamba umelipa. Yaya alikuwa anaweka mafuta ya gari tu, dola 40 au 50, anailaza kadi. Anasema ukitumia karibu zote 200 hata kama unalipa, alama zako za mkopo, zile namba wanazokupimia, zinashuka, kwa hiyo usipite 60. Ulizia kwanza kwenye hizo krediti yunioni, ambazo ni kama COOPEC zetu, vyama vya akiba na mikopo, na kabla ya kusaini uliza maswali mawili: je, wanapokea mtu ambaye mahakama imeshamfutia madeni? Na je, wanapeleka habari kwa wote watatu wanaotunza hizo ripoti, Equifax, Experian na TransUnion? Kama hawapeleki, makuta yako yatalala tu na jina lako halitasogea.

Halafu zile barua nne za kukataliwa, usizitupe. Ulisema umezichana, sijui kama ni zote. Sheria ya huko inawalazimisha wakuambie sababu au haki yako ya kuiuliza, na kama waliangalia ripoti, una siku 60 za kuipata bure kutoka kwa walioitoa. Hata bila barua unaweza kuitazama bure kila wiki kwenye AnnualCreditReport.com. Kaa na mwanao mkubwa anayesoma Kiingereza vizuri, mpitie mstari kwa mstari. Deni lililofutwa na mahakama linapaswa kuonyesha salio sifuri. Yaya alikuta moja limeandikwa kama bado anadaiwa. Alipinga kwa maandishi, wakalirekebisha. Pengine unakataliwa kwa kosa la mtu mwingine! Hilo linanisumbua tangu jana.

Na yule bwana wa kanisani anayedai dola 600 akufutie kufilisika kwenye ripoti: usimpe hata moja. Habari ya kweli haifutwi kwa kulipa mtu. Hapa tuna wakopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita Banque Lambert, tunawajua kwa jinsi wanavyopenda kumsaidia mtu aliyekwama. Mtu mwenye aibu ndiye wanayemtafuta.

Ulisema unataka kadi "ili nijisikie mtu tena." Furaha, mkopo wa tiketi ya ndege mlioletewa nao Marekani uliulipa mpaka senti ya mwisho, ukiwa unasafisha vyumba vya hoteli usiku na mimba ya miezi saba. Ulikuwa mtu siku ile. Upasuaji haukuuomba.

Nimeandika sana, mshumaa unaisha. Niambie: tarehe gani hasa mahakama ilifunga faili? Karatasi ya kufutiwa madeni unayo, au imebaki kwa wakili? Hizo 200 unaweza kuzitoa bila kugusa kodi ya nyumba? Maana kama huwezi, ngoja, hakuna anayekufukuza. Tumbo limepona kabisa? Grâce bado anaimba? Na nimpe Yaya Déo namba yako, au unaona aibu naye pia? Yeye ameshaniambia atakupigia Jumamosi ukikubali, baada ya zamu yake.

Mama Nsimire nimemwambia tu kwamba kuna rafiki yangu ana shida kama yake. Hakuuliza jina. Amesema uanze na kiasi ambacho ukikikosa utalala.

Wako,
Nabintu